Mbao za Tairi

Genoveva hakuwa amepanga kusema neno mkutanoni siku ile. Alikwenda na katambuga mbili za tairi ambazo hazijakwisha kushonwa ndani ya kikapu, akidhani watazungumzia mbegu na mchango wa zahanati kama kawaida, na yeye atapata nafasi ya kukaa chini atoboe mikanda yake kwa amani. Lakini Mwalimu Mkuu Pascal alisimama na barua mkononi, na amani ikaishia hapo.

"Ndugu wananchi, barua hii imetoka Katesh," alisema, na sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyelala na mafua. "Mashine ya kusaga ya akina mama izimwe, au ihamishwe, kabla ya tarehe kumi na nane Aprili. Siku hiyo Afisa Elimu wa wilaya atakuja mwenyewe. Akikuta inanguruma, ataifunga kwa kufuli la serikali."

Kila mtu pale Nangwa alijua kisa chenyewe. Mashine ilikuwa ndani ya ghala la zamani la ushirika, na ghala lile na Darasa la Sita vilitumia ukuta mmoja. Injini ikiwashwa, madirisha ya darasa yalitetemeka na watoto wakamsoma mwalimu midomo. Kuhamisha lilikuwa neno rahisi la kuandika kwenye barua. Injini ilikuwa imefungwa kwa saruji, na mwaka ule wa themanini na sita mfuko wa saruji ulikuwa hauonekani hata kwa mwenye mjomba bohari. Akina mama arobaini walilima mashamba ya watu misimu mitatu mpaka wakainunua ile mashine. Bila hiyo, wangerudi kutembea hadi Katesh na debe kichwani, waondoke alfajiri na kurudi jioni, watoto wakisubiri unga.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Qamara, alikohoa. "Mwalimu ana haki. Akina mama nao wana haki. Sasa haki mbili zikigombana, mimi nifanyeje?"

Genoveva, aliyekuwa katibu wa kikundi cha akina mama hao, alijikuta amesimama, kikapu kimeanguka, katambuga ziko miguuni mwake.

"Mashine haitahama," alisema. "Na watoto watasikia. Mume wangu atajenga ukuta utakaomeza kelele."

Kicheko kilianzia kwa wazee mbele, kikapita kwa vijana, kikafika nyuma kabisa alikosimama Nicodemo, fundi seremala, mume wa msemaji. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari za ukuta huo. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Fundi Nicodemo," aliita mwenyekiti, "ni kweli?"

Fundi angesema nini? Mke akishatangaza mbele ya kijiji, mume ana majibu mawili tu, na la pili linavunja nyumba.

"Ni kweli," alisema.

Walipofika nyumbani, Nicodemo aliketi juu ya benchi lake la kazi, katikati ya maranda.

"Mama Zita, umenivua nguo hadharani."

"Najua, Baba Zita. Nisamehe kwa hilo. Kwa mengine usinisamehe, maana nilisema kweli."

"Kweli gani? Mbao ziko wapi? Mara ya mwisho kupata mbao za kupasua ni lini? Hata jeneza la marehemu Yoakimu nilitengeneza kwa milango ya kabati lake."

Genoveva hakubishana. Alimshika mkono akampeleka kwenye kigogo chake cha kushonea viatu, kazi aliyorithi kwa baba yake. Wanaume wa Nangwa waliicheka, huku wakiendelea kununua. Chini ya kigogo palikuwa na gunia lililotutumka. Aligonga msumari juu ya kigogo kwa nguvu zake zote. Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu anagonga godoro.

"Zita alikuwa hawezi kusoma nikigonga," alisema. "Nikaweka gunia la unga wa tairi, huu ninaoupata nikisugua soli kwa tupa. Tangu siku hiyo anasoma hapa hapa nilipo. Wewe una unga wa mbao umejaa banda zima. Mimi nina unga wa tairi. Tuchanganye, tugandishe kwa gundi, tugandamize. Itakuwa ubao."

"Gunia si ukuta, mama."

"Ndiyo maana nimesema utajenga wewe."

Nicodemo hakucheka, lakini alirudi kugonga kile kigogo mara mbili, peke yake, alipodhani mkewe ameingia jikoni.

Unga wa gunia moja ungetosha kiti. Kwa ukuta mzima ilibidi wapate matairi, na matairi yalikuwa kwenye shamba la ngano la serikali. Huko nyuma ya karakana kulikuwa na korongo lililojaa matairi ya matrekta na kombaini, makubwa kuliko mtu, yamechanika, nyoka wamezaliana ndani yake. Msimamizi wa karakana alikuwa Bura, aliyesoma na Nicodemo shule ya msingi na kukaa naye dawati moja. Mume na mke walifika saa mbili asubuhi. Bura aliwapokea saa nane.

"Matairi chakavu ni mali ya umma," alisema bila kuwakaribisha kiti. "Mna barua?"

Walikuwa na barua ya kijiji, yenye muhuri. Bura aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hapa wameandika matairi. Hawakuandika mangapi. Nitajuaje kama mnataka matatu au mia tatu?"

Kesho yake walirudi na barua imeandikwa matairi matatu. Wakasubiri tena, safari hii juani, madereva wa matrekta wakipita na kuwatazama. Saa tisa Bura aliweka sahihi, kisha akawaita wenzake wa karakana waje waone.

"Huyu tulisoma naye," aliwaambia. "Akawa fundi wa majeneza. Sasa mke wake anamfundisha kujenga kwa takataka. Kuna siku atamtuma avae gauni."

Karakana nzima ilicheka. Genoveva alitazama chini, uso unamwaka. Alifikiri mumewe atageuza mkokoteni arudi nyumbani, na asingemlaumu. Lakini fundi Nicodemo alivingirisha tairi la kwanza mpaka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akalipakia mwenyewe, na la pili, na la tatu. Kumwamini mke kulikuwa kumemshinda kwa siku tatu. Kumkasirikia Bura kulimchukua dakika moja, na hasira ile ilimfaa kuliko imani.

"Uliniambia kipimo gani?" alimwuliza walipofika barabarani. "Wa mbao makopo mangapi, wa tairi makopo mangapi?"

"Sikukuambia. Sijui."

"Basi tutajua."

Akina mama wa kikundi walikuja na tupa za waume zao, na asiyekuwa na tupa alikuja na jiwe la kukwaruza. Kila mmoja alipewa kipande cha tairi na deni la makopo matatu ya unga kwa siku. Walikaa uani wakisugua, mikono imekuwa myeusi hadi kwenye kiwiko, wakipiga umbea na kucheka. Mwalimu Pascal alipita njiani akaona wanawake ishirini wanasugua matairi, akatikisa kichwa. Aliwahurumia kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kutokusikika.

Gundi ilitoka kwenye machinjio ya Katesh: vipande vya ngozi na kwato ambavyo hata mbwa walishaviacha. Genoveva alivichemsha kwenye pipa kutwa nzima mpaka majirani wakafunga madirisha. Nicodemo alitengeneza fremu ya magogo, ndani yake akaweka mabati mazito ya kupasha moto juu ya mkaa, na juu kabisa jeki ya lori aliyoazimwa parokiani kwa sharti kwamba Jumapili irudi.

Ubao wa kwanza, nusu kwa nusu, ulitoka laini na ukajikunja ulipoinuliwa, kama chapati. Wa pili, wenye tairi kidogo, ulikuwa mgumu, lakini ulipogongwa ulilia kama ubao mwingine wowote. Wa tatu waliweka makopo matatu ya unga wa mbao na moja la tairi. Ulipopoa, Nicodemo aliupiga kwa nyundo, mlio ukafia humo humo. Akapanda juu ya paa la banda akauachia. Ubao uliruka mara moja, ukatulia chini, mzima, bila ufa.

Zita, aliyekuwa ametoka shule, aliuokota na kuugeuzageuza. "Baba, huu utauitaje?"

"Mbao za tairi," alisema Nicodemo, akishuka kwa uangalifu wa mtu anayetaka watu waone hana haraka. Alikuwa na furaha na haikumwia rahisi kuificha. Jioni ile alimsifu mkewe mbele ya mama wa jirani, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ndoa.

Walitengeneza mbao nne kila siku, kila moja ukubwa wa nusu mlango. Baada ya siku sita zilikuwa ishirini na nne, zimepangwa kwenye ukuta wa banda. Watu walikuja kuzipapasa. Mzee Qamara aligonga moja kwa fimbo yake, akasikiliza, akagonga tena, akaondoka anaongea peke yake. Zilibaki siku nne kabla Afisa hajafika.

Ndipo ukungu wa mlima Hanang uliposhuka. Ulikuja na manyunyu, ukakaa usiku kucha na asubuhi yote, nao ulipenya kila mahali kama unavyopenya kila Aprili. Nicodemo alipoingia bandani alikuta mbao zake zimevimba pembeni na zinateleza kama sabuni. Alipoinua moja, kona ilibaki mkononi. Na zilinuka. Mbwa saba wa kijiji walikuwa wamekaa mlangoni wakimsubiri.

Habari mbaya hazihitaji posta. Kufikia saa nne watoto wa shule walikuwa na wimbo kuhusu fundi anayejenga kwa supu ya kwato. Mwalimu Pascal alimfuata Genoveva kisimani, akasema kwa upole kabisa, "Mama, mmejitahidi. Anzeni kutafuta mahali pa kuhifadhi injini." Upole ule ulimuuma Genoveva kuliko kicheko cha karakana nzima.

Nyumbani, Nicodemo alikuwa ameketi na hakutaka chai. Wanawake watatu wa kikundi walikuja wakasimama uani, mikono yao bado myeusi. Genoveva aliwatazama akaona safari ya Katesh ndani ya macho yao, akalia, bila kujificha.

Katika hali hiyo aliingia Mama Gidahosh. Alikuwa mjane wa Kibarabaig aliyehamia ng'ambo ya pili ya barabara miaka kumi iliyopita, ngano ya serikali ilipomeza malisho yao. Alivaa sketi yake ya ngozi yenye shanga, kama siku zote, na alikuja kuuliza katambuga za mwanawe.

"Shikamoo mama," alisema Genoveva, akijifuta uso kwa khanga.

"Marahaba. Nani amekufa?"

Walimwonyesha. Mama Gidahosh alichukua ile kona iliyovunjika, akainusa, akaibana kwa vidole, akaanza kucheka. Alicheka sana, mpaka akashika nguzo.

"Mmechemsha ngozi mbichi," alisema. "Mmejenga kwa ngozi mbichi, halafu mnashangaa ikinywa maji. Ngozi mbichi ni kiu tupu. Mimi sketi hii nimeolewa nayo. Imenyeshewa mvua ngapi? Shika hapa. Shika, usiogope."

Genoveva alishika. Ngozi ilikuwa laini, kavu, imara.

"Inalewa magome kwanza," alisema Mama Gidahosh. "Magome ya mgunga, yale mekundu. Unachemsha mpaka maji yawe kama chai ya harusi. Ngozi ikishakunywa hayo, haitaki tena maji mengine."

"Lakini hii si ngozi, mama," Nicodemo alisema kutoka kwenye benchi. "Hii ni gundi."

"Gundi umeitoa wapi?"

Nicodemo alilitazama pipa la kuchemshia kwato. Kisha akasimama akatafuta shoka.

Magome yalikatwa siku ile ile, huku Mama Gidahosh akichagua mti na kukataa mwingine, na kuwagombeza waliokuwa wanamenya shina lote bila kuacha upande wa kuponea. Kikundi kizima kilichemsha. Mbao zilizovimba zilirudi kwenye mabati ya moto, kwa sababu gundi ile ilikuwa na wema mmoja: ikipata joto inalainika na kukubali kugandamizwa upya. Zilipotoka zilipakwa maji ya magome pande zote, mara tatu, zikageuka rangi ya udongo wa kifusi. Jeki ya parokia ilikuwa irudi Jumapili. Padri alipelekewa mtetea, na hakuitaja tena.

Mama Gidahosh alipaka pamoja nao, akiwa amekaa chini miguu imenyooka mbele. "Shamba lile lilichukua majani ya ng'ombe wetu," alisema, akichovya kitambaa. "Ninyi mmechukua viatu vya matrekta yake. Vizuri. Nendeni mkachukue vingine."

Siku ya pili walitumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji na kukiacha hadi asubuhi. Nicodemo ndiye aliyekitoa. Alikibana, akakipinda, akakigonga, kisha akampa mkewe, na Genoveva akampa Mama Gidahosh, ambaye alikitupa pembeni kwa sababu yeye hakuwa na wasiwasi tangu mwanzo.

Ukuta ulisimama siku moja kabla. Walipigilia mbao safu mbili kwenye fremu, katikati wakashindilia unga wa mbao mkavu. Madirisha ya ghala upande wa shule yakazibwa hivyo hivyo. Boliti zilizoifunga injini kwenye saruji zililegezwa, wanaume sita wakaiinua, ikawekewa vipande vya mbao za tairi chini ya miguu yake, boliti zikakazwa tena, na bomba la moshi likaelekezwa ndani ya pipa lililofukiwa upande wa bonde. Nicodemo aliiwasha mara moja tu, akasikiliza, akaizima. Hakumwambia mtu alichosikia. Aliogopa kuaibika mara mbili.

Tarehe kumi na nane gari la wilaya lilifika saa tatu. Afisa Elimu alikuwa kijana mnene wa miwani, amechoka na barabara, na watu waliomngojea walikuwa wengi kuliko wale wa mkutano wa kwanza. Hata Bura alikuwepo. Alikuwa amekuja na trekta la shamba, akisema amepita tu.

"Washeni mashine," aliagiza Afisa. "Mwalimu, ingia ufundishe kama siku zote. Mimi nitakaa nyuma."

Genoveva alisimama nje ya dirisha la darasa, mgongo ukutani. Alisikia Efrazia wa kikundi akimimina mahindi. Halafu injini ilikohoa, ikashika, na mashine ikaanza kazi. Alisikia ngurumo, ndogo, kama lori linalopanda mlima wa mbali. Ilikuwa ndogo, lakini je, ilikuwa ndogo ya kutosha?

Ndani, Mwalimu Pascal alichukua chaki. Kwa miaka miwili alikuwa amefundisha darasa lile kwa namna moja tu, na mwili wake haukujua namna nyingine. Alivuta pumzi, akakaza mishipa ya shingo, akafoka:

"SEHEMU HUWA NA ASILI NA KIASI!"

Watoto wote waliruka. Mmoja alidondosha kalamu. Zita, safu ya mbele, aliziba masikio.

Afisa Elimu alivua miwani. "Mwalimu," alisema kwa sauti yake ya kawaida, na watu waliokuwa nje walimsikia kila neno, "mbona unawapigia watoto kelele?"

Mwalimu Pascal alisimama na chaki hewani. Alisikiliza. Aligeukia ukuta, akauwekea kiganja.

"Nisameheni," alisema, na sauti ilimtoka ndogo mno hata mwenyewe akashtuka. "Sikujua kama nasikika." Kisha alicheka, na macho yake yalikuwa na maji. Akaanza somo upya, taratibu, kama mtu anayezungumza mezani kwake.

Afisa hakukaa mpaka mwisho. Alitoka, akaenda ghalani kuona kama kweli mashine inasaga, akakuta debe linajaa na yeye mwenyewe akajaa unga begani. Aligonga mbao. Alizinusa. Aliuliza zimeagizwa Arusha au Nairobi.

"Nangwa," alisema mzee Qamara, akiwa amejinyoosha kama yeye ndiye aliyesugua tairi.

"Mashine itabaki," Afisa alitangaza. Akina mama walipiga vigelegele, na alilazimika kungoja. Alitoa daftari dogo mfukoni. "Lakini hili lazima niliandike kwenye taarifa ya wilaya. Mtaalamu wa mbao hizi ni nani? Nipeni jina."

Watu wote walimgeukia Nicodemo. Bura naye alimgeukia, mikono mfukoni. Fundi alikuwa na nafasi ya kuvaa tena nguo zote alizovuliwa mkutanoni, na ilikuwa neno moja tu.

"Andika Genoveva Margwe," alisema. "Ndiye aliyewaza. Mimi nilishika jeki."

Wiki mbili nyuma Genoveva alikuwa ametumia jina la mumewe bila ruhusa, na sasa mumewe alikuwa anatumia la kwake, mbele ya wilaya.

"Na wa pili andika huyu mama," Nicodemo aliendelea. "Bila yeye ungekuta supu." Akamgeukia Mama Gidahosh, kisha akasita, maana alitambua jambo la aibu. Miaka kumi walikuwa majirani, wameazimana moto na chumvi, na hakuna hata mmoja pale aliyemjua kwa jina lingine zaidi ya mama wa mwanawe. "Samahani, mama. Jina lako hasa ni nani?"

Mama Gidahosh alimtazama fundi, akamtazama Afisa, akalitazama daftari.

"Udabasoda," alisema.

Afisa aliandika, akamsomea alichoandika ili ahakikishe. "Udabasoda."

"Rudia," alisema mama.

"Udabasoda."

"Hao wa nyuma hawajasikia."

Afisa Elimu wa wilaya alitazama umati, akamtazama Bura aliyeegemea trekta huko mwisho, akapandisha sauti. Alilitaja tena jina lile, kwa nguvu, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wakatoka nje, mikono ina unga, kumwangalia mwenye jina.